Matokeo mazuri, hisa inashuka: ununue Nvidia kabla ya usiku wa ripoti au usubiri?

Swali: Habari za kazi. Nina duka la vifaa vya umeme hapa Ngamiani, Tanga. Mimi na mdogo wangu aliyeko Dallas, Marekani, tuna akiba ya dola 1,500 kwenye akaunti yake ya hisa. Nvidia, ile kampuni ya chipu ya Marekani, wanatoa matokeo ya robo mwaka Jumatano ijayo, na kundi letu la WhatsApp lote linasema lazima itapaa kwa sababu mauzo yanazidi kukua. Hisa yenyewe imepanda wiki mbili mfululizo. Tuingize pesa zote kabla ya Jumatano? Mdogo wangu anataka tununue opsheni badala ya hisa, anasema ndiko kwenye faida. Nimesikia pia kwamba iliwahi kutoa matokeo mazuri ikashuka, ni kweli? Hisa za hapa kwetu kama Vodacom nazo ziko hivyo? Na ripoti hutoka saa ngapi kwa saa za huku?

Jibu: Dada, nianze na hilo la kushuka, maana ukilielewa hilo maswali mengine yanajijibu nusu.

Ni kweli. Tarehe 28 Agosti 2024 Nvidia walitangaza mauzo ya dola bilioni 30.04 kwa robo iliyoishia Julai, ongezeko la asilimia 122 kwa mwaka mmoja. Wachambuzi kwa wastani walikuwa wamekadiria bilioni 28.7 hivi. Kwa robo iliyofuata kampuni ikasema inatarajia bilioni 32.5, nayo ikawa juu ya wastani wa wachambuzi. Juu ya hayo, bodi ikaidhinisha dola bilioni 50 za kununua hisa zake yenyewe sokoni. Kesho yake hisa ilifunga ikiwa imeshuka asilimia 6.4.

Unawajua wanunuzi wa machungwa wanaopanda Muheza kununua matunda yakiwa bado mtini. Mnunuzi anazunguka shamba, anakadiria kwa macho kwamba litatoa matenga 300, anamlipa mwenye shamba kwa hesabu hiyo. Siku ya kuchuma yanatoka matenga 270. Mwaka jana shamba hilo lilitoa 150, kwa hiyo mwenye shamba ana kila sababu ya kufurahi. Mnunuzi analia, kwa sababu hakulipia matenga ya mwaka jana, alilipia 300. Bei ya hisa kabla ya ripoti ni bei ya machungwa mtini. Mavuno makubwa kuliko ya mwaka jana hayamsaidii aliyelipa bei ya mavuno makubwa zaidi ya hayo. Kundi lenu linaposema mauzo yanakua, linasema jambo ambalo kila muuzaji wa hisa hiyo anajua na ameshalitia kwenye bei.

Sasa tazama jinsi matumaini yalivyojengeka hadi kufika Agosti ile. Nvidia, tofauti na kampuni nyingi, hutaja kabisa kiasi inachotarajia kuuza robo ijayo, ikiacha nafasi ya asilimia 2 juu au chini. Mei 2023 walisema watauza bilioni 11, wakauza 13.51. Wakasema 16, wakauza 18.12. Wakasema 20, wakauza 22.10. Wakasema 24, wakauza 26.04. Wakasema 28, wakauza 30.04. Unaona mchezo? Karibu kila mara kuna bilioni mbili za ziada. Mwekezaji akishaona hivyo mara nne, mara ya tano akisikia 28 kichwani mwake anaandika 30. Ziada inageuka kuwa kawaida, na kawaida hailipwi. Isitoshe, bilioni mbili na nusu juu ya 11 ni asilimia 23. Bilioni mbili juu ya 28 ni asilimia 7. Mshangao ulikuwa unanyauka huku mauzo yakinenepa.

Usichukulie kwamba huo ni mstari ulionyooka. Mei 2023, ahadi ya bilioni 11 ilipotajwa, wachambuzi walikuwa wakitegemea bilioni 7 na kidogo, na hisa ikaruka asilimia 24 kwa siku moja. Miezi mitatu baadaye walitimiza ile ahadi kwa ziada kubwa kuliko zote nilizotaja, na hisa kesho yake haikusogea hata asilimia moja. Februari 2024 ikapanda asilimia 16. Anayekuambia amegundua kanuni ya mwendo huu, mwulize anauza nini.

Kwa hiyo ukisoma kwamba "kampuni imepita matarajio", uliza matarajio ya nani. Kuna ya kampuni yenyewe, ambayo mara nyingi huwekwa chini kidogo ili yapitwe. Kuna wastani wa wachambuzi, unaochapishwa bure kwenye kurasa za habari za fedha. Na kuna namba ya tatu ambayo haichapishwi popote: ile ambayo mameneja wa mifuko mikubwa ya uwekezaji wanaambizana kwa simu, na ndiyo imo kwenye bei. Agosti 2024 namba mbili za kwanza zilipitwa. Ya tatu, kwa jinsi hisa ilivyopokewa, haikupitwa. Palikuwa pia na vidonda vidogo ndani ya ripoti: faida ghafi, yaani mauzo ukitoa gharama ya kutengeneza bidhaa, ilishuka kutoka asilimia 78.4 ya mauzo hadi 75.1, na kampuni ikakiri kwamba chipu yake mpya, Blackwell, ilibidi ifanyiwe marekebisho kiwandani ili chipu nyingi zaidi zitoke nzima. Katika mwezi wa kawaida vidonda hivyo visingeuma sana. Hisa iliyopandishwa na matumaini huumwa hata na mbu.

Hiyo namba ya tatu huwezi kuiona, lakini unaweza kupima ukubwa wa mtikisiko ambao soko linaulipia. Hili lifanye wewe mwenyewe, ni dakika tano, na mdogo wako anazo takwimu kwenye programu yake ya simu. Opsheni ni haki unayoilipia ya kununua au kuuza hisa kwa bei iliyopangwa, kabla ya tarehe fulani kupita. Jumanne jioni afungue ukurasa wa opsheni za Nvidia zinazokwisha Ijumaa ya wiki hiyohiyo. Atafute bei ya mkataba, yaani hiyo iliyopangwa, iliyo karibu kabisa na bei ya hisa kwa wakati huo. Achukue bei ya opsheni ya kununua na ya opsheni ya kuuza, azijumlishe, agawe kwa bei ya hisa. Tuseme, kwa mfano tu, hisa iko dola 180, opsheni ya kununua kwa 180 inauzwa 6.20, ya kuuza inauzwa 5.90. Jumla 12.10, gawa kwa 180, unapata asilimia 6.7. Wapo wanaopunguza kidogo kwa kuzidisha na 0.85, ikawa kama 5.7. Maana yake soko linategemea hisa ihamie mahali fulani kati ya 168 na 192, bila kusema upande upi. Namba hiyo si ukuta, mara kwa mara hisa huivuka. Lakini inakupa kipimo: mtu wa WhatsApp akikuahidi asilimia 20 kwa usiku mmoja wakati watu wanaoweka pesa zao wanalipia 6 au 7, unajua yeye ndiye aliye nje ya bei.

Kipimo cha pili ni hizo wiki mbili za kupanda ulizozitaja. Linganisha hisa na kundi lake. Kama Nvidia imepanda asilimia 9 na kampuni nyingine za chipu zimepanda asilimia 8, basi upepo ni wa bahari nzima. Kama yenyewe imepanda 9 na wenzake wamekaa palepale, hayo ni matumaini ya ripoti, yameshalipwa, na ndiyo yatakayorudishwa kwanza likitokea lolote.

Halafu kuna habari ambazo hazisubiri Jumatano. Wanunuzi wakubwa wa chipu hizi ni kampuni zenye vituo vya data: Microsoft, Alphabet (wenye Google), Amazon, Meta (wenye Facebook). Zote hizo hutoa ripoti zao wiki tatu au nne kabla ya Nvidia, na kila moja hueleza itatumia kiasi gani kwa majengo na mitambo ya akili mnemba. TSMC ya Taiwan, inayotengeneza chipu zenyewe, hutangaza mauzo yake kila mwezi, karibu na tarehe 10. Ukiwa umeyafuatilia hayo, Jumatano hutashtushwa na mauzo ya robo iliyopita. Kitakachobaki kuwa kipya kweli ni utabiri wa robo ijayo, faida ghafi, na masharti ya serikali ya Marekani kuhusu kuuza China. Hilo la mwisho si dogo: mwaka 2025 chipu za H20, zilizotengenezwa kwa ajili ya soko la China, zilipowekewa sharti la leseni, Nvidia waliandika hasara ya dola bilioni 4.5 kwa robo moja kwa ajili ya mali iliyokosa mnunuzi na oda zilizokwisha kufungwa.

Sasa opsheni za mdogo wako. Hapa nitakuwa mkali kidogo, maana hapa ndipo wageni wengi huunguza pesa huku wakiwa wamebashiri sawasawa. Chukua mfano uleule. Mnanunua opsheni ya kununua kwa 180, bei 6.20. Mkataba mmoja ni wa hisa 100, kwa hiyo mnalipa dola 620. Ripoti inatoka nzuri, hisa inafungua Alhamisi kwa dola 184. Mmepatia! Lakini opsheni hiyo sasa ina thamani ya dola 4 za tofauti, na senti chache kwa siku moja iliyobaki, tuseme 4.30. Mkataba wenu ni dola 430. Hisa imepanda asilimia 2, ninyi mmepoteza asilimia 30. Kilichotokea ni kwamba sehemu kubwa ya ile 6.20 ilikuwa bei ya kutojua, na ripoti ikishatoka watu wanajua. Bei ya kutojua huyeyuka usiku huohuo, kwa opsheni za pande zote mbili. Ili mrudishe tu pesa yenu, hisa ilipaswa kuwa juu ya 186.20 Ijumaa. Na ikifunga Ijumaa kwa 180 au chini yake, karatasi yenu ni bure kabisa. Mikataba miwili ingekula dola 1,240 kati ya 1,500 mlizonazo. Mwambie mdogo wako nimesema hapana, na anaruhusiwa kukasirika.

Wengine hujifariji kwamba watanunua hisa zenyewe kisha waweke oda ya kukata hasara. Kwa siku ya kawaida ni jambo jema. Kwa usiku wa ripoti haifanyi kazi mnayoidhani. Ripoti hutoka soko likiwa limefungwa. Hisa ilifunga 180, mmeweka oda ya kuuza ikifika 171. Usiku bei inateremka, kesho inafungua 160. Haikupita 171 njiani; iliruka. Oda yenu inaamka kwenye 160 na kuuza hapo au chini kidogo. Mkiibadilisha iwe na ukomo, yaani iuze kwa 171 lakini si chini ya 169, basi haitauza kabisa, mtabaki na hisa mikononi ikiendelea kushuka. Dawa ya mruko wa usiku ni moja tu, nayo ni kiasi cha hisa ulicholala nacho.

Tuhesabu basi kiasi hicho. Anza na hasara, si na faida. Jiulizeni: asubuhi ya Alhamisi tukikuta tumepoteza kiasi gani, bado tutapika chai bila kugombana? Tuseme asilimia 3 ya akiba, yaani dola 45. Kisha chukua mtikisiko ambao soko linaulipia, ile 6.7, uikuze karibu mara mbili kwa tahadhari, weka 12. Gawa 45 kwa 0.12, unapata 375. Kwa hisa ya dola 180 hiyo ni hisa mbili, dola 360. Ndizo mnazoweza kulala nazo Jumatano. Dola 1,140 zinabaki taslimu.

Najua hisa mbili zinaonekana kama kuchovya kidole baharini. Lakini tazama upande wa pili. Mkiingiza zote 1,500 na hisa ikapanda kwa kiasi ambacho soko linategemea, mnapata kama dola 100. Ikishuka asilimia 12 mnapoteza 180. Na iko siku moja Februari 2022 ambapo Meta, kampuni ya Facebook, ilishuka asilimia 26 kwa siku moja kwa sababu utabiri wake wa mauzo ulikuwa chini ya matarajio na watumiaji wa kila siku wa Facebook walipungua. Aprili mwaka huohuo Netflix ikashuka asilimia 35 baada ya kupoteza wateja 200,000 ilhali yenyewe ilikuwa imetabiri kuongeza milioni 2.5. Hizo hazikuwa kampuni za uchochoroni. Kwa asilimia 26 mngepoteza dola 390, na kuzirudisha hisa ingebidi ipande asilimia 35 kutoka hapo ilipoangukia.

Utauliza: nikisubiri, si nitaikosa ikipaa? Utaikosa sehemu, ndiyo. Utafiti wa hisa za Marekani kwa miaka mingi unaonyesha kwamba kwa wastani hisa hupanda kidogo kuzunguka siku za ripoti, kwa hiyo anayenunua kabla si mwendawazimu. Lakini upo pia ushahidi, ulioanza na kazi ya watafiti wa uhasibu Ball na Brown ya mwaka 1968, kwamba kampuni ikitoa matokeo yaliyozidi matarajio, bei huendelea kusogea upande uleule kwa wiki kadhaa. Habari haimezwi yote kwa mkupuo. Kwa kampuni kubwa inayofuatiliwa na dunia nzima kama Nvidia mwendo huo wa baadaye ni mdogo, sitakudanganya. Ila kama nia yenu ni kuwa na hisa hiyo miaka mitano, tofauti ya kununua Jumanne au Ijumaa haitawatajirisha wala kuwafilisi. Kama nia ni usiku mmoja wa Jumatano, huo ni mchezo wa kubahatisha wenye ripoti ya kampuni mezani, na uchezwe kwa kiasi cha mchezo.

Usiku ule, mkiamua kukesha, msisome vichwa vya habari. Vichwa hutoka ndani ya sekunde chache, na mara nyingi bei huruka upande mmoja kisha hugeuka wakati wa mkutano wa simu na wachambuzi. Fungueni taarifa yenyewe kwenye tovuti ya kampuni, sehemu ya wawekezaji. Nakala hupelekwa pia kwa mamlaka ya masoko ya Marekani, SEC, kwa fomu 8-K, na kuisoma ni bure. Rukeni maneno ya mkurugenzi. Teremkeni hadi kwenye mwelekeo wa robo ijayo: mauzo yanayotarajiwa, kisha asilimia ya faida ghafi, kisha gharama za uendeshaji. Linganisheni mauzo hayo na wastani wa wachambuzi mliouandika Jumanne kwenye daftari, si ule mtakaosomewa baadaye. Halafu mauzo ya vituo vya data, maana ndiyo sehemu kubwa ya kampuni. Kisha mizania: mali iliyo ghalani na pesa ambazo wateja bado wanadaiwa. Mali ikikua kwa kasi kuliko mauzo kwa robo mbili, kuna kitu hakitoki, au kuna bidhaa mpya inarundikwa kabla ya kuuzwa; waraka wa ofisa mkuu wa fedha unaotoka pamoja na taarifa kwa kawaida hufafanua ni lipi. Mtaona namba za faida za aina mbili, moja ya kanuni kamili za uhasibu na nyingine iliyoondolewa baadhi ya gharama. Wachambuzi hulinganisha na hiyo ya pili. Ninyi msichanganye: moja ya leo na nyingine ya robo iliyopita itawapa ukuaji ambao haupo.

Na matumizi yanaweza kuharibu sherehe hata faida ikiwa imepanda. Aprili 2024 Meta walitangaza faida ya dola bilioni 12.37, zaidi ya mara mbili ya mwaka uliotangulia. Wakasema pia matumizi yao ya mitambo kwa mwaka yatakuwa bilioni 35 hadi 40 badala ya 30 hadi 37. Hisa ilianguka zaidi ya asilimia 10 kesho yake. Jambo la kuchekesha ni kwamba matumizi hayo ya Meta ndiyo mauzo ya Nvidia.

Mambo mawili ya nyumbani kabla sijaiacha Marekani. Akaunti ni ya jina la mdogo wako, na kodi ya faida ni yake: huko faida ya hisa iliyoshikwa mwaka mmoja au pungufu hutozwa kama mshahara, ya muda mrefu zaidi hutozwa kidogo. Andikianeni, hata ujumbe wa simu unatosha, nani ana kiasi gani na kodi inakatwa kabla au baada ya kugawana. Mgogoro wa ndugu huanza kwenye faida mara nyingi kuliko kwenye hasara. Na ukitaka kuongeza pesa kutoka Tanga, pita kwanza kwenye benki yako, kwa sababu kupeleka mtaji nje kununua hisa kuko chini ya kanuni za fedha za kigeni za Benki Kuu.

Vodacom Tanzania ni hadithi tofauti, ingawa kanuni ya machungwa ni ileile. Hisa ziliuzwa kwa umma mwaka 2017 kwa shilingi 850, baada ya sheria kuzitaka kampuni za simu ziuze asilimia 25 kwa wananchi, na zikaingia Soko la Hisa la Dar es Salaam Agosti mwaka huo. Mwaka wake wa fedha huisha 31 Machi, kwa hiyo matokeo ya mwaka hutegemewa Mei, na ya nusu mwaka Novemba. Walionunua kwa 850 wakitarajia kupaa walikaa miaka wakiiangalia ikiwa chini ya bei hiyo.

Tofauti ya kwanza ni gharama. Hapa kwetu kamisheni ya dalali pamoja na ada za soko na za mamlaka inayolisimamia hufika asilimia mbili na ushei ukinunua, na asilimia mbili na ushei tena ukiuza. Yaani bei ipande karibu asilimia 5 ndipo uwe hujapata wala hujapoteza. Kuingia kwa ajili ya wiki moja ya ripoti ni kumfanyia kazi dalali. Tofauti ya pili ni wanunuzi: zipo siku ambazo hisa zinazobadilishana mikono ni chache mno, na bei inayoonekana kwenye Hisa Kiganjani, programu ya simu ya soko letu, si lazima uipate ukitaka kuuza nyingi kwa pamoja. Mruko wa usiku mmoja ni nadra. Badala yake bei huburuzika wiki nzima kuelekea ilikotaka kwenda. Opsheni hakuna, nashukuru. Kinachofuatwa hapa ni gawio, yaani sehemu ya faida wanayogawiwa wanahisa, ambalo kwa kampuni iliyoorodheshwa hukatwa kodi ya asilimia 5, na tarehe ya kufunga daftari la wanahisa, maana ukinunua baada yake gawio hilo si lako.

Ila kuna kitu kimoja ambacho wewe wa Ngamiani unacho na mchambuzi wa New York hana. Tozo ya miamala ya simu ilipoanza Julai 2021, kila wakala wa mtaani aliona foleni inapungua wiki ileile. Ripoti iliyoonyesha athari hiyo kwenye vitabu ilikuja miezi baadaye. Kwa Nvidia wewe ni wa mwisho kujua. Kwa kampuni ambayo wateja wake wanapita mbele ya duka lako, unaweza kuwa wa kwanza, na huna haja ya kundi la WhatsApp.

Sasa saa. Nvidia huweka taarifa yake kiasi cha dakika ishirini baada ya soko la New York kufungwa, na mkutano wa simu huanza saa moja kamili baada ya kufungwa. Kwa ripoti za Mei na Agosti, Marekani wakiwa kwenye saa za kiangazi, kwa Tanga hiyo ni saa tano na dakika ishirini usiku, na mkutano saa sita kamili. Kwa ripoti za Novemba na Februari sogeza yote mbele saa moja: sita na dakika ishirini, na mkutano saa saba usiku. Biashara ya baada ya saa huendelea kwa saa nne tangu soko kufungwa, lakini wanunuzi ni wachache, pengo kati ya bei ya kununua na ya kuuza ni pana, na oda isiyo na ukomo wa bei inaweza kujazwa mahali pa ajabu. Msiguse kitu wakati huo.

Soko lenyewe hufunguliwa Alhamisi saa kumi na nusu jioni kwetu katika miezi ya kiangazi cha Marekani, saa kumi na moja na nusu katika miezi yao ya baridi. Nusu saa ya kwanza ni vurugu tupu. Zile dola 1,140, kama mliyoyasoma yanaridhisha, zigawanyeni mafungu matatu: la kwanza Alhamisi hiyo, la pili wiki inayofuata, la tatu mwezi ukigeuka, kila mara kwa oda yenye ukomo wa bei. Mkiweka ya kwanza saa kumi na moja jioni za kiangazi chao, duka lako bado liko wazi, na kwa mdogo wako Dallas ndiyo kwanza saa tatu asubuhi.